Neno Alilolifukuza Mama

Ndugu yangu mdogo alikuwa luteni wa jeshi, na alikuwa akiogopa bata mzinga. Naanza hapo makusudi. Watu wakikumbuka shujaa huanza na ushujaa, na wakimaliza unabaki na sanamu, mtu mwenyewe humwoni. Mimi nilimbeba mgongoni, kwa hivyo niacheni niseme ninavyomjua.

Bata mwenyewe alikuwa wa jirani yetu huko Kanyakine. Alikuwa mweusi, shingo nyekundu, na aliamini kwamba njia ya kwenda kwetu ni yake. Alimkimbiza ndugu yangu tangu darasa la kwanza. Krismasi moja jirani alimchinja, tukashukuru Mungu, halafu Januari akanunua mwingine, na huyo mwingine akaendeleza kazi pale mwenzake alipoiachia. Ndugu yangu alipomaliza mafunzo ya uafisa alikuja nyumbani na viatu vinavyong'aa, mgongo umenyooka kama mlingoti, akafika kwenye kona ya jirani akasimama. Akanipigia simu.

"Dada, kuja unichukue."

"Kwani uko wapi?"

"Hapa kwa kina bata."

Nikaenda na ufagio. Nilimfukuza bata, luteni akanifuata nyuma na begi lake, akichungulia kushoto na kulia jinsi walivyofunzwa. "Ukiambia mtu nitakana," akasema.

"Na serikali imekupa bunduki!"

"Bunduki si ya bata," akanijibu, uso hauna hata tabasamu.

Jina lake sitalitaja. Nalikumbuka vizuri sana, wala sijawahi kupewa nafasi ya kulisahau. Jina hilo ndilo lililotusumbua, na ndilo ninalotaka kusimulia.

Akiwa likizo alikuwa mzigo. Alikunja blanketi pembe kwa pembe mpaka Mama akaogopa kulifungua. Alitaka chai saa kumi kamili. "Chai inaiva ikiiva," Mama akamwambia, na hapo jeshi likashindwa. Alimfunza Mama kusema "ovaa" akimaliza kuongea kwa simu, ati ndivyo wanavyofanya kwa redio. Alikuwa anamtania. Mama hakujua utani huo. Alisema ovaa kwa kila mtu, kwa mchungaji, kwa muuza mbolea, kwa mtu aliyekosea namba. Mpaka leo anasema.

Niseme kidogo kuhusu Kiswahili cha Mama, kwa sababu bila hicho hamtaelewa. Nyumbani tunaongea Kimeru. Kiswahili Mama alikipata sokoni na kanisani. Cha soko kina bei, cha kanisa kina dhambi, na katikati hapo kuna shimo kubwa. Watu wengi kwetu tuna shimo hilo, sema tu tunalizunguka.

Ndugu yangu alipelekwa ng'ambo ya mpaka, Somalia. Alikuwa akipiga simu Jumapili. Halafu Jumamosi moja mchana gari la jeshi likaingia kwetu. Baba alikuwa amefariki zamani, tulikuwa mimi na Mama tu, mimi nimetoka mjini kumsaidia kuchambua maharagwe. Wakashuka maafisa wawili na kasisi. Yule mkubwa wao alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka, hakina kona hata moja. Akavua kofia. Wenzake wakavua. Mimi niliona zile kofia zikitoka nikajua, na maharagwe yakawa hayana maana tena.

"Mama," akasema yule afisa, "kwa masikitiko makubwa nimetumwa kukuarifu kwamba luteni ameanguka vitani."

"Ameanguka?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ai! Ameanguka wapi? Kwa gari?"

Yule afisa akamtazama kasisi. Kasisi akatazama migomba. "Ameanguka akilitetea taifa," afisa akasema, polepole zaidi, na kwa Kiswahili kizuri zaidi, jambo ambalo halikusaidia.

"Na amevunjika? Mguu ama mkono?"

Yule afisa alikuwa amefunzwa kubeba habari, hakufunzwa kuitafsiri. Mama akaona wageni wamenyamaza, akadhani wanamwonea aibu kwa kuwauliza maswali kabla ya kuwakaribisha, akawapa viti. "Kaeni kidogo nivae viatu, twende," akasema. "Huyo ni mtoto wa kuanguka. Akiwa mdogo alianguka kwa mparachichi, akafungwa mkono kwa mbao, na si alipona?" Akaingia jikoni, nikamsikia akitafuta flaski.

Nilimfuata. Alikuwa anafunga ndizi mbivu ndani ya leso, zile ndogo tamu ambazo ndugu yangu alizipenda. Nikamwambia kwa Kimeru. Kimeru changu hakina pazia la kufichia jambo kama hilo. Nikasema amekufa.

Mama alimaliza kufunga ndizi. Akakaza fundo, akaziweka ndani ya kiondo, akafunika. Ndipo akasema, "Si wangesema."

Hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya boma zima, na sikuona haya, na leo nikikumbuka fundo lile bado nalia. Yeye alitoka akawapa wageni chai, akawashukuru kwa kuja. Zile ndizi hakuna aliyezigusa mpaka zikawa nyeusi.

Maziko yalikuwa makubwa. Walileta bendera, wakaikunja pembe kwa pembe, nikamkumbuka na blanketi lake. Walipopiga risasi za heshima, bata mzinga wa jirani aliruka uzio akapotelea ndani ya kahawa, hakuonekana mpaka jioni. Nilisimama karibu na kaburi nikawaza kwamba mtu pekee ambaye ningetaka kumsimulia habari hiyo ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Mama alipewa bendera, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Na tangu siku hiyo neno "kuanguka" likafukuzwa nyumbani kwetu. Mama hakutangaza. Ila ukilitaja, alinyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe ameangaliwa sasa hivi. Tukajifunza. Parachichi zikawa zinashuka. Kikombe kikivunjika, kimeteremka. Binti yangu mkubwa alifanya vibaya mtihani, tukamwambia nyanya yake kwamba amekaa nyuma kidogo. Mchungaji alihubiri kuhusu kuta za Yeriko, akasema zikaanguka, na Mama akamkazia macho mahubiri yote. Jumapili iliyofuata mchungaji alizirudia kuta hizo, akasema zililala chini. Mchungaji ni mtu mwelewa.

Sasa, jina. Ndugu yangu hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Huku kwetu mtu akienda haondoki kabisa. Mtoto anazaliwa katika ukoo, anapewa jina lake, na watu wanasema fulani amerudi. Akikosa wa kumrudisha, basi. Jina linabaki kwa kaburi, kwa saruji, mvua inalipiga. Mama alikuwa na watoto wawili tu, mimi na yeye. Siku moja, tukipalilia, akaniambia bila kuinua jembe, "Sina mwingine wa kunizalia hilo jina. Ni wewe ama ni kaburi."

Shida ni kwamba nimeolewa Mbeere, Kiambere, kule chini karibu na bwawa. Mume wangu anatengeneza pampu za maji, mimi niko duka la dawa za mifugo hapo Makutano, Meru mjini, ndipo tunapoishi. Upande wetu wa Imenti tunalegeza kidogo mambo ya majina. Kwao hapana, kuna foleni. Msichana wa kwanza ni mama ya mume, wa pili ni mama ya mke. Hao nilishawazaa, wakapewa majina yao, hakuna aliyelalamika. Mvulana wa kwanza ni baba ya mume. Ndugu ya mke anakuja huko mbali sana, baada ya watu wengi, na mimi nilikuwa nimepasuliwa mara mbili. Nilipopata mimba ya tatu daktari alinitazama juu ya miwani akasema, "Mama, hii ndiyo ya mwisho. Usinijaribu."

Alipoona ni mvulana akatuambia. Kosa lilikuwa hapo. Mume wangu alitoka nje ya kliniki kupiga simu, na kabla sijavaa viatu Kiambere nzima ilikuwa inajua kwamba mzee amezaliwa.

Baba mkwe alianza kwa kutuma asali. Mama aliposikia, akatuma nduma na mkungu wa ndizi, ati za mjukuu. Mzee akatuma mbuzi. Mama akatuma sweta, alilolifuma mwenyewe, dogo, la kijani kibichi kama nguo za jeshi, nami nikalificha. Mzee akatuma pojo gunia zima. Mkono mtupu haulambwi, lakini mimi nilikuwa na mikono miwili na yote imejaa, jikoni hakuna pa kukanyaga. Na katika haya yote hakuna aliyetaja jina. Wakwe kwetu wanaheshimiana, hawagombani. Wanatumiana vyakula mpaka mmoja ashindwe.

Nilimwambia mume wangu tumpe mtoto majina yote mawili. Akasema kwao mtu huitwa jina moja, lile lingine ni la kitambulisho. Akasema pia mambo haya yatajipanga yenyewe. Mtu wa pampu! Aliwahi kuona pampu gani ikijipanga yenyewe?

Nilikasirika. Nilikasirikia mila, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia na ndugu yangu, ambaye angeoa tu yule msichana wa Nkubu aliyekuwa akimchekea, haya yote yasingenipata mimi. Nikampigia Mama nikamwambia siwezi kukaa katikati tena.

"Basi tutaenda," Mama akasema.

"Wapi?"

"Kwake. Nitamwomba. Ovaa."

Mama hajawahi kupenda joto, na Kiambere ni joto. Tulifika mchana, yeye na sweta lake la kanisani, mimi na tumbo langu. Baba mkwe alitupokea kwa heshima yote. Alimwekea Mama kiti upande mmoja wa uwanja, akakaa upande mwingine, amegeuka kidogo asimtazame muthoni wake usoni, kwa maana mkwe hatazamwi ovyo. Mimi nikawekwa katikati. Wangeweza kuongea Kimeru na Kimbeere wakaelewana vizuri tu. Lakini siku hiyo walitaka adabu, na adabu ikawa Kiswahili, na Kiswahili kikapitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake bila shida yoyote.

"Mwambie muthoni karibu," akasema mzee.

"Anasema karibu," nikasema.

"Mwambie nimekaribia," akasema Mama.

Wakaulizana mvua. Wakaulizana mbuzi, ng'ombe, kanisa. Nilizipeleka na kuzirudisha habari hizo jua likinichoma utosini, mtoto akinipiga mateke. Mwishowe Mama akashika mkanda wa kiondo chake.

"Mwambie muthoni nilikuwa na kijana."

Nikamwambia.

"Najua," akasema mzee. "Mwambie nilikuja kwa maziko."

"Mwambie huyo kijana, kule vitani..." Mama akasimama hapo. Nilimwona akilitafuta neno na kulipita, akirudi na kulipita tena. "Mwambie kule vitani alishuka."

Mzee akasahau adabu, akageuza kichwa. "Alishuka wapi?"

Nilifungua mdomo nimsaidie. Mama akanishika mkono, akanifinya.

"Alikufa," akasema mwenyewe, moja kwa moja kwa mzee. "Mtoto wangu alikufa. Alikufa na hana mtu wa kumwita. Mimi nikienda, hakuna mtu duniani ataita hilo jina akitaka mtu aje. Watalisoma tu kwa kaburi."

Sijawahi kumwona Mama hivyo, kabla wala baadaye. Machozi hayakutoka, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka kama cha mtoto. Niliona aibu kwa kila siku niliyofikiria kwamba ni ukaidi tu.

Mzee alichora chora ardhini kwa fimbo, akafuta kwa mguu, akachora tena. Nikajua anafikiria. Amengoja mvulana miaka yote hiyo, mume wangu ni mwanawe wa pekee wa kiume.

"Mwambie muthoni," akasema, "mimi bado niko hapa."

"Anasema bado yuko," nikasema, nikidhani amekataa.

"Mwambie mtu ambaye hajaenda hawezi kurudi. Nirudi kutoka wapi, na ndio mimi hapa nimekaa? Wacha yule aliye mbali aje kwanza."

Hilo sikulipeleka. Wala halikuhitaji kupelekwa.

Mama aliinamisha kichwa. Mzee akageuka tena upande wake, akakohoa, akarudisha adabu yote mahali pake. Baada ya muda akaniuliza, chini chini, "Na ile asali mlishamaliza?" Nikasema tumeshamaliza. Akasema basi hakuna neno.

Mtoto alizaliwa akapewa jina. Nikafikiri tumemaliza. Kumbe! Mama alikuja hospitalini, akampakata, akamwangalia kuanzia kucha mpaka nywele, akasema, "Huyu." Hakusema zaidi. Jina alilolipigania mpaka Kiambere hakuweza kulitamka. Alimwita Wewe. Alimwita Mgeni. Alimwita Mzee, na baba mkwe alipopiga simu akasikia hivyo, alicheka mpaka akakohoa. Baba mkwe ndiye aliyekuwa akiliita, kwa sauti, kwenye simu, kana kwamba anaita mtu kutoka ng'ambo ya bwawa: jina, jina, jina, yuko wapi huyo kijana wa jeshi! Mama alikuwa akisikiza kutoka jikoni, mikono ndani ya sufuria, haoshi.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema likifika kwa mdomo linakuwa zito. Nikamwacha.

Mwaka huu, wakati wa kuchuma kahawa, tulikuwa Kanyakine. Mtoto anatembea vizuri sasa, ila akikimbia kichwa kinatangulia na miguu inafuata ikipenda. Mama alikuwa ameketi nje akimenya ndizi mbichi. Mimi nilikuwa naanika nguo. Jirani bado anafuga bata mzinga, sijui ni wa ngapi sasa, mweusi vilevile, shingo nyekundu vilevile, na uzio wetu haujawahi kumzuia mtu yeyote. Akaingia. Mtoto akamwona, akaacha kijiko alichokuwa akichezea, akamwendea.

Bata akafungua mabawa.

Mama akaliita lile jina.

Aliliita kwa ukali, sauti ileile aliyokuwa akimwitia ndugu yangu ashuke mparachichi, na lilitoka lote, halikukwama popote. Shati lilinitoka mkononi. Mtoto alishtuka, akageuka, akaanza kukimbia kumrudia nyanya yake, bata nyuma, kichwa mbele, miguu ikakataa, akalala kifudifudi kwenye udongo puu!

"Ameanguka!" Mama akapiga kelele. "Ameanguka!" Akaliita jina tena. "Ameanguka!"

Halafu akajisikia alivyosema. Akasimama pale, kisu mkononi, ndizi zimetawanyika miguuni pake, hajongei. Na mimi pia sikujongea. Naapa sikuweza.

Mtoto alikaa kidogo chini akifikiria kama alie. Akaweka mikono, akainua makalio kwanza, kama wanavyofanya, kisha mengine yakafuata. Akasimama. Udongo mdomoni, udongo puani. Akamgeukia bata akamzomea.

"Ameinuka," akasema Mama, kwa sauti ndogo.

Akaketi hapohapo chini kati ya ndizi, akalia. Alilia kile kilio alichokiacha jikoni siku ya flaski, chote, akiliita lile jina, na mtoto, kwa kuwa ni jina lake, kila akiitwa alikuwa anaitika.

Bata alikuwa bado yupo. Nikachukua ufagio.